Kiti Kisicho na Vishikio

Upendo alinipigia simu asubuhi, nikiwa nakata kitambaa cha sare za shule dukani kwangu, hapa Mbulu mjini. Upendo ni binti wa Matroni, na Matroni ndiye mama aliyetulea mimi na wasichana wenzangu kwenye kituo cha walemavu, zamani, enzi za mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule Hanang. Nilijua Matroni amepata kiharusi, na nilikuwa nikisubiri simu hiyo kwa hofu. "Shikamoo mama Paskalina," akasema. Nikaitikia marahaba. "Mama ametoka hospitali. Upande wa kushoto bado umelala, ila maneno yamerudi. Tumemnunulia kiti cha magurudumu, kizuri kabisa, kipya. Sasa tangu tumkalishe humo ana neno moja tu. Anasema, mwambieni Paskalina aje na msumeno. Sisi hatuelewi. Hospitali walituambia tusishangae akichanganya mambo."

Nilicheka mpaka mkasi ukanidondoka, ukaingia chini ya gurudumu la kiti changu. Nilicheka na machozi yakanitoka, kwa sababu niliogopa kuambiwa amekufa na badala yake nikaambiwa amekasirika. "Hajachanganya kitu," nikamwambia Upendo. "Mwambie nakuja nao."

Msumeno wenyewe ninao. Unaning'inia msumarini juu ya cherehani, msumeno wa kukatia chuma, mpini wake umepasuka na kufungwa kwa waya. Wateja huniuliza fundi wa nguo anakata nini na kitu kile, nami huwajibu kwamba siku hizi kuna vitambaa vigumu. Jibu la kweli ni refu kidogo na linamtaka mtu avute kiti akae.

Nilifika kituoni nikiwa msichana mkubwa tayari, wa rika la kuolewa, kama kuna mtu angethubutu kuniposa. Polio ilishachukua miguu yangu tangu utotoni. Kwetu Bashay nilitembea kwa makalio na viganja, nimefunga vipande vya tairi magotini na mikononi, na watu walinionea huruma sana. Lakini naomba mnielewe jambo moja. Nyumbani nilitambaa nilikotaka. Nikitaka kwenda kwa ndama, nilikwenda kwa ndama. Nikitaka kusikiliza wanawake wanasengenya kisimani, nilitambaa hadi kisimani, na nikichoka na maneno yao nilirudi. Kituoni nilipandishwa kwenye kiti cha magurudumu kwa mara ya kwanza maishani, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo sikwenda tena popote. Nilipelekwa.

Viti vyetu vilikuwa vya msaada, vilitoka ng'ambo, na magurudumu yake yalikuwa madogo, manne yote sawa, chini kabisa ambako mkono wa aliyekaa haufiki. Breki ilikuwa nyuma. Vishikio vilikuwa nyuma, virefu, vimevikwa mpira wa kijivu ulioota mng'ao kwa viganja vya Matroni. Yeye alikuwa mwanamke mrefu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, aliyesomea uuguzi msaidizi, na alivaa raba nyeupe alizozisugua kwa chaki kila Jumamosi. Raba zile hazikuwa na sauti. Ukiwa umekaa unatazama ngano, ghafla unaona ngano inaanza kuhama, ukuta unakuja, mlango unakuja, na hapo ndipo unagundua kwamba Matroni yuko nyuma yako na unakwenda kuoga. Asubuhi alituegesha juani, mchana akatuegesha kivulini, jioni akatuingiza bwenini. Alitupenda, na hilo silitilii shaka hata leo. Alitujua kwa majina ya wazazi wetu, alitukagua vidonda mgongoni kwa mikono laini, na hakuna aliyelala na njaa mikononi mwake. Sauti yake ilitoka juu na nyuma siku zote, na kwa muda mrefu ningeweza kuichora sauti ile kuliko sura yake.

Bweni letu lilikuwa chumba kirefu chenye rangi ya kijani ya mafuta hadi kifuani mwa mtu mzima na chokaa juu yake. Dirisha moja lilitazama mlima Hanang, lililobaki lilitazama ngano. Sijui niwaelezeje vijana wa leo ngano ile ilivyokuwa. Ilianza nyuma ya choo chetu na kuishia mbinguni. Upepo ukipita juu yake ilikuwa kama mtu anapangusa manyoya ya ng'ombe, huku na huku. Kitanda changu kilikuwa upande wa ngano na cha Regina kilikuwa kando yangu. Regina alizaliwa na mwili mkaidi: mikono ilikwenda ilikotaka, shingo ilicheza, mguu wake wa kulia ulinyooka kama mti na hakuna aliyeweza kuukunja. Maneno yake yalitoka kwa shida na wageni hawakuyaelewa. Mimi niliyaelewa baada ya wiki chache tu, kwa sababu nilikuwa na muda na yeye alikuwa na vichekesho. Akikubali alitazama juu. Akikataa alifumba mdomo, na hapo huufumbui hata kwa bisibisi.

Tulikula kwenye meza ndefu ya ukumbini. Ugali, maharage, mboga ya majani, siku za bahati maziwa ya mgando, na Jumapili chapati, maana ngano ilikuwa jirani. Matroni alimlisha Regina mwenyewe, hakumwachia mtu. Alichukua sahani, akaponda ugali na maharage na mboga vikawa uji mmoja wa rangi ya udongo, halafu akaanza na kijiko, haraka haraka, huku anaongea na mpishi juu ya kuni. Regina hakupenda kuchanganyiwa. Alitaka ugali peke yake, kisha mboga, kama wewe na mimi. Siku moja akafumba mdomo. Matroni akasubiri kidogo, akagonga kijiko pembeni ya sahani, akatangaza kwa sauti ya upole kabisa, "Regina leo hana njaa," na sahani ikaondoka. Nilimwona Regina akiisindikiza kwa macho mpaka jikoni. Alikuwa na njaa ya kula meza. Nikasema, "Matroni, hataki tu ivurugwe." Sauti ikajibu kutoka nyuma yangu, "Paskalina mwanangu, mimi nimemlea huyu kabla hujafika hapa." Siku hiyo nilielewa kwamba mtu akishika kijiko chako ameshika na maneno yako, hata kama anakupenda. Nilimpa Regina kipande cha ugali mkavu nilichoficha kwenye sketi, na tukacheka mpaka akapaliwa.

Adhabu pia ilikuwa ya upole. Hakuna aliyepigwa. Ukikosea, kiti chako kiligeuzwa, ukatazama ukuta, breki ikavutwa, basi. Nilipata ukuta wangu siku walipokuja wageni kutoka wilayani. Walisimama mlangoni wakatutazama kama watu wanaochagua mbuzi, na mmoja akamwuliza Matroni, "Wanapenda nini hawa?" Matroni akasema, "Oo, hawa wanapenda kuimba." Nikasema, "Mimi sipendi kuimba." Wageni wakacheka, wakadhani natania. Walipoondoka, ukuta ukaja. Niliutazama ukuta ule wa kijani kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote, nikajua kila ufa na kila tone la rangi lililochuruzika. Na nikiwa hapo, uso ukutani, ndipo nilipopata habari iliyobadilisha maisha yangu.

Fundi Hamisi wa karakana ya shamba la ngano alikuja na trekta kutengeneza pampu yetu ya maji. Alikuwa mtu wa Kondoa, mnene, mwenye kofia nyeupe iliyokwishakubali grisi. Alisimama na Matroni nyuma yangu, wakinywa chai, wakiongea juu ya kichwa changu kama vile mimi ni meza ya kuwekea vikombe. "Mavuno yakianza tutapata taabu na magunia," akasema. "Mzee Tluway pale ghalani anatafuta watu wa kushona midomo ya magunia. Kazi ya kukaa tu, shazia na kamba. Wa kwetu wote wanakimbilia kombaini za kuvunia." Nikatega masikio. Shazia ni ile sindano ndefu nene ya kushonea magunia, na mimi nilikuwa fundi wa sindano tangu Bashay. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya msibani, "Na huyu aliyeangalia ukuta, anasikia?"

"Anasikia," nikauambia ukuta. "Na anaitwa Paskalina. Shikamoo."

Kikombe kilitulia. Shikamoo haina pa kukimbilia, sharti uiitikie. "Marahaba," akasema Fundi Hamisi, na sauti yake ikaanza kuzunguka, ikatoka nyuma, ikapita ubavuni, ikafika mbele, na uso wake ukajibana kati yangu na ukuta, umeiva kwa aibu. "Marahaba, mama. Samahani." Alikuwa mtu mzima wa kwanza katika kituo kile kuja upande wa uso wangu. Nikamwambia nataka kushona magunia. Akasema Mzee Tluway hana mtu wa kusukuma watu, atamchukua anayeweza kujifikisha mwenyewe. Nikamwambia, basi nitengenezee kiti ambacho naweza kukiendesha mwenyewe. Akageuka kumtazama Matroni. Matroni akafikiri, akasema, "Kwa kweli magurudumu makubwa yatanisaidia. Na matope haya, mgongo wangu umekwisha." Alikubali kwa sababu zake, nami sikumsahihisha.

Mvua zote Fundi Hamisi alitengeneza kiti kile kwa vyuma vilivyotupwa nyuma ya karakana. Magurudumu mawili makubwa ya baiskeli, na nje ya kila gurudumu duara la bomba jembamba la kushika na kuzungusha. Mbele magurudumu madogo ya toroli. Kikalio cha turubai la trekta. Alikileta juu ya trela kimefunikwa gunia, akalifunua kama bwana harusi anayemfunua bibi. Na hapo nikaona alichofanya. Nyuma, juu kabisa, alikuwa amechomelea vishikio viwili vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, vimepinda kwa madaha, vimevishwa mipira myeusi ya hendeli za pikipiki. Hakuweza kabisa kuwaza kiti cha mlemavu kisicho na mahali pa mlezi kushika. Kwake ingekuwa utovu wa adabu, kama kumjengea mtu nyumba na kusahau mlango wa wageni. "Hivi ni zawadi yangu kwa Matroni," akasema, na Matroni akavishika, akatabasamu, na nikaondoka. Nikapelekwa kuzungushwa uwanja mzima watu wanashangilia.

Nilijifunza kukiendesha pale pale uani, viganja vikaota malengelenge, yakapasuka, yakaota magamba. Lakini kila nilipopata mwendo, raba nyeupe zilifika bila sauti. Nikizungusha kwenda kulia, nyuma yangu kuna mtu anazungusha kwenda kushoto, kwa huruma. "Utachoka, mwanangu. Acha nikusaidie." Ngano ikageuka rangi, baridi ya upepo mkavu ikaja, na asubuhi moja Mzee Tluway mwenyewe akapita kutafuta washonaji. Alikuwa mzee wa kwetu, Mmbulu, mwembamba, mwenye koti refu na macho ya kupima. Nikamsalimia, akaitikia. "Haya binti, nionyeshe," akasema, akionyesha kidole upande wa pili wa uwanja. Nilivuta pumzi, nikashika maduara, nikasukuma. Kiti kikaruka mbele kwa kasi ambayo sijawahi kuipata, na kwa nukta chache nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Hanang. Kisha nikageuza shingo. Matroni alikuwa nyuma yangu, ameshika vishikio vya pikipiki, anakimbia na raba zake, uso umejaa nia njema. Alitaka nifaulu. Mzee Tluway akatikisa kichwa polepole. "Naona bado anasukumwa," akasema. "Mimi siandiki watu wawili kwa kazi ya mmoja. Kombaini zinaingia shambani wiki hii. Atakayefika ghalani mwenyewe, nitampa shazia." Akapanda gari akaondoka.

Nililia kwa hasira hadi Regina akachoka nami. Alikuwa ameegeshwa kando yangu kwenye kivuli cha ukumbi, na alianza kusema neno moja, analirudia, na mimi sikulielewa kwa sababu ya kelele za kilio changu. Hatimaye akatazama vishikio vyangu, akanitazama mimi, akatazama tena vishikio, na akasema kwa taabu yake yote, "Kata."

Fundi Hamisi alikuja ukumbini siku iliyofuata kutia grisi kiti changu. Nikamwomba akate vishikio. Aliumia, jamani. Alivishika kama mtu anayeshika masikio ya mtoto. "Vina kosa gani? Kuna mahali vimelegea?" Nikamwambia havina kosa, vimezidi uzuri, kila mtu anataka kuvishika. "Mimi sikati kazi ya mkono wangu," akasema. Akatoa msumeno kwenye boksi la vifaa, akauweka juu ya benchi mbele yangu, akafunga boksi. "Naenda kunywa chai jikoni kwa mpishi. Mimi hunywa polepole."

Mtu aliyekaa kitini hawezi kukata mgongo wa kiti chake. Nikashuka chini sakafuni, kwa makalio na viganja kama kule Bashay, nikakiangusha kiti kwa ubavu. Kilikuwa kinateleza kila nikivuta msumeno. Ndipo Regina alipocheka kwa ile sauti yake, akaomba asogezwe, nikamsogeza kwa kuvuta magurudumu yake, na ule mguu wake wa kulia, ule mti usiokunjika ambao watu wote waliuhurumia, ukashuka juu ya fremu ya kiti changu na kuibana sakafuni. Haikutikisika tena. Karakana nzima ya shamba la ngano haikuwa na jiriwa ya kubania chuma kama ile. Lakini msumeno wa chuma unapiga kelele ya kuamsha wafu, na Matroni alikuwa chumba cha pili anapanga mashuka. Nikawatazama wasichana wenzangu. "Imbeni," nikasema. Wakaimba, jamani! Waliimba nyimbo za kanisani, wakaimba za harusi, wakaimba za kupalilia, kila mmoja kwa sauti aliyojaliwa, na mimi nisiyependa kuimba nikaimba kuliko wote, nikivuta na kusukuma, unga wa chuma unang'aa mapajani mwangu. Katikati ya wimbo tulisikia sauti ya Matroni nyuma ya ukuta ikisema na mtu, "Si niliwaambia? Wanapenda kuimba."

Kishikio cha kwanza kikadondoka, kisha cha pili. Nikapanda kitini. Nilikuwa nimekaa sawasawa, vishikio vyote viwili mapajani pamoja na msumeno, Fundi Hamisi akiwa mlangoni na kikombe chake, Matroni alipoingia kutupeleka mezani. Alikuja kwa nyuma kama kawaida. Sikumwona, lakini nilijua, kwa kuwa nyuso za wenzangu wote zilikuwa zikitazama juu ya kichwa changu. Akanyoosha mikono akashika hewa. Nilihisi mikono ile ikitafuta, ikapapasa turubai, ikagusa bega langu, ikaondoka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike kituoni, raba nyeupe zikatembea kuja mbele. Akasimama usoni pangu. Alikuwa na macho ya kahawia hafifu na kovu dogo kidevuni. Nilikuwa nimeishi naye muda wote ule na sikulijua kovu lile.

"Nani amekata?" akauliza.

"Mimi."

Alikaa kwenye benchi. Hakufoka. Alianza kusema kwa sauti ya chini, na sasa uso wake ulikuwa usawa mmoja na wangu. Kabla ya kuja Hanang, alilea wasichana mahali pengine, na mmoja wao aliomba kwenda peke yake jikoni, akaruhusiwa, akaangukia moto. "Nilikuwa nimesimama mlangoni, Paskalina. Nilikuwa nimemwambia nenda. Tangu siku ile nilisema mikono yangu haitaachia tena." Akanitazama kwa macho yaliyojaa maji. "Sasa ukianguka?"

Nilimwonea huruma kubwa, na ningeweza kulegea pale pale. Sijui nguvu ya kujibu niliipata wapi. "Nitaanguka, Matroni," nikasema. "Nikikuita, utakuja kuniokota. Nisipokuita, niache niinuke."

Aliokota kishikio kimoja mapajani mwangu, akakigeuza, akakirudisha. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza, wala kumwuliza msichana yeyote wa kituo kile. "Unataka kwenda wapi?"

"Ghalani," nikasema.

Tulikwenda asubuhi yake, njia ya vumbi iliyochimbwa na matairi ya matrekta, kombaini zikinguruma pande zote mbili na makapi ya ngano yakitunyeshea. Mimi mbele, Matroni nyuma, ameikunja mikono ndani ya kanga yake kwa nguvu, anaibana isimponyoke. Nilimsikia akihema kila gurudumu langu lilipoyumba. Niliyumba sana. Madereva wa matrekta walisimama kututazama, na mmoja akapiga kelele, "Mama, msaidie huyo!" Matroni akamjibu kwa ukali, "Hajaomba!" Karibu na ghala kuna mwinuko mfupi, na hapo vumbi lilikuwa la kuzama. Magurudumu yakazunguka bila kwenda. Nilijaribu, nikajaribu tena, jasho likanitoka. Kisha nikageuza shingo nikasema, "Matroni, naomba unisukume kidogo." Akazunguka haraka kuja mbele yangu kwanza. "Nishike wapi?" akauliza. Nikamwonyesha fremu, chini, pale pasipo na mpira wala madaha. Akainama, akasukuma, na tulipofika pagumu nikasema, "Hapa panatosha." Akaachia. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko mikono ile ilivyoachia.

Mzee Tluway alikuwa mlangoni. Alinitazama nikipita kizingiti, nikapita, nikaenda hadi kwenye lundo la magunia na kugeuza kiti. Hakusema maneno mengi. Alichomoa shazia kwenye kola ya koti lake akanipa, na nikashona mdomo wa gunia la kwanza. Nilishona msimu ule mzima, na misimu iliyofuata, mpaka mashamba yale yalipokufa na kombaini zikaachwa zinaota kutu. Cherehani yangu ya kwanza ilitoka humo. Msumeno nao Fundi Hamisi aliniachia, hakuudai tena.

Regina hakukata vyake. Yeye alivihitaji, na wengi wetu walivihitaji. Lakini tangu siku ile ukitaka kumsukuma Regina ulikuja kwanza mbele, ukamwuliza, ukasubiri atazame juu. Aliyesahau alifumbiwa mdomo hadi akumbuke. Ugali wake ukawa ugali na mboga yake ikawa mboga. Wafanyakazi wapya walipofika, Matroni mwenyewe aliwafundisha, akiwa amesimama mbele ya Regina na kusema, "Unaanzia hapa. Huku nyuma ni kwa ruhusa." Regina alitangulia mbele za haki miaka mingi baadaye, mzito wa mwili na mwenye kulalamika juu ya chakula mpaka mwisho, na mimi nilikuwa kando yake. Nimeona na kusikia mengi juu ya walezi katika maisha yangu, wakali na wapole. Wakali tuliwatambua mapema na kujikinga. Wapole ndio waliotuhitaji tuwafundishe, na wachache walijifunza kama mama yule.

Basi nilikwenda Katesh na msumeno wangu umefungwa kwenye gazeti. Matroni alikuwa amewekwa barazani kwa Upendo, kivulini, blanketi magotini, mkono wa kushoto umelala kama wa mtu mwingine. Kiti chake kilikuwa kizuri kweli. Nilisogea hadi magoti yetu yakakaribiana. Kovu la kidevuni lilikuwa pale pale. "Shikamoo Matroni," nikasema.

"Marahaba." Ulimi ulikuwa mzito kidogo tu. "Umeuleta?"

Nikaufungua. Upendo akaweka mikono kichwani. "Mama Paskalina, tafadhali! Ukikata, tutamsukumaje? Ana mkono mmoja!" Nilimtazama Matroni, nikamwona anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na nikamkumbuka Regina.

"Nani kasema vikatwe?" akasema. "Ninavihitaji. Utundike pale ukutani, wauone."

Kulikuwa na msumari wa kalenda. Nilitundika msumeno juu yake, mpini na waya wake, meno yakitazama baraza. Upendo aliutazama kwa muda. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono juu ya vishikio, ameizoea sehemu ile kama sote tulivyozoea. Taratibu akaondoa mikono. Akazunguka kiti, akapiga magoti mbele ya mama yake, akafuta machozi kwa upande wa kitenge. "Mama," akasema, "unataka kwenda wapi?"

Matroni alimtazama bintiye, akautazama uwanja, akanitazama mimi.

"Siendi popote," akasema. "Nilitaka niulizwe. Mletee Paskalina chai."